Chumba cha wanaonuniana

Jumapili, Moshi. Mlima haujajitokeza tangu asubuhi, nguo kwenye kamba zina unyevu uleule wa jana, na chumbani watu wanacheka. Naandika kwa sababu ya hicho kicheko. Wiki iliyopita ungeingia humu ungedhani tuna msiba.

Tupo watatu kwenye hosteli ya mtu binafsi, upande wa Soweto. Dada wa Lindi analala chini ya dabodeka, dada wa Singida juu, mimi nina kitanda changu dirishani. Majina nayaacha, wenyewe watajijua. Chanzo chenyewe ni shilingi elfu ishirini. Wa Singida alimkopa wa Lindi kwa ahadi ile tunayoijua wote: bumu likitoka nakurudishia. Bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo, likatoka. Elfu ishirini kimya. Halafu mkopaji akaonekana kwenye kibanda cha chipsi, sahani imejaa chipsi mayai na mishikaki juu yake. Hapo ndipo moto ulipowaka, ila haukuwaka kwa maneno.

Kununa ni kazi jamani, tena ya kutwa. Sufuria inatuliwa kwa kishindo. Jagi la maji ya kunywa linahamia chini ya kitanda. Mwenzako akifungua daftari, taa inazimwa kwa kisingizio cha kichwa kuuma. Mtu anajibu "poa" kwa sauti ambayo ukiisikia unajua hakuna kilicho poa. Na mwisho kabisa vikaja vijembe vya status: "Wengine wakishiba humsahau aliyewalisha." Mimi niliiona, darasa zima likaiona, hadi wa kozi nyingine wakaniuliza nani kasemwa. Aliyelengwa peke yake ndiye hakuiona. Alikuwa ameishiwa bando.

Nilicheka, lakini nikafikiri pia. Sisi tumekulia kwenye kusifu kijembe. Khanga zimejaa mafumbo, taarabu ndiyo usiseme, na anayesema moja kwa moja anaonekana hana adabu. Sikatai, kuna mahali fumbo linaokoa heshima ya watu wawili, hasa kwa mkwe au mtu mzima. Ila kwa watu wa rika moja wanaolala mkono kwa mkono, kijembe kinamwachia mwenzio kazi ya kukisia kosa lake, na mara nyingi anakisia vibaya.

Muhula huu tuna somo la saikolojia, na mada ya akili ya hisia imeangukia kipindi hikihiki. Wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer waliiandikia makala mwaka 1990, kisha mwandishi Daniel Goleman akaitangaza dunia nzima kwa kitabu chake cha 1995. Tangu hapo imebebwa hadi kwenye semina za ujasiriamali, ambako maana yake ni kutabasamu na kutogombana na mteja. Salovey na Mayer hawakusema hivyo. Kwao ni uwezo, kama uwezo wa hesabu: kutambua hisia yako na ya mwenzio, kuitumia katika kufikiri, kuelewa imetoka wapi na inaelekea wapi, halafu kuisimamia. Mpole wa sura anaweza kuwa hana hata kimoja. Na mwenye vyote vinne anaweza kuwa tapeli mzuri tu, akakusoma, akakulainisha, akakukopa tena.

Kilichonikaa zaidi ni utafiti wa Emily Butler na wenzake, wa mwaka 2003. Waliwakutanisha wanawake wawiliwawili wasiofahamiana, wakawaonyesha filamu ya kusikitisha, kisha wakawaacha waizungumzie. Baadhi waliambiwa kwa siri wafiche hisia zao wakati wa mazungumzo. Presha ilipanda kwa anayeficha, na ikapanda hata kwa yule aliyekaa naye, ambaye hakuambiwa lolote. Niliposikia hivyo niliwaza chumba chetu. Ndiyo maana na mimi, nisiyedai wala kudaiwa, nilikuwa naenda kusomea maktaba mpaka wanafunga.

Siku ya Alhamisi umeme ulikatika mapema. Simu hazina chaji, hakuna pa kuficha uso. Wa Lindi ndiye aliyeanza, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko nilivyotegemea.

"Dada, mimi elfu ishirini hainiumi. Kinachoniuma najiona kama umenifanya mjinga."

Kimya. Kisha kitanda cha juu kikalia kidogo.

"Nilikuwa naona aibu," akasema wa Singida. "Bumu lote nimelituma nyumbani, mdogo wangu alirudishwa kutoka shule kwa kukosa michango. Zile chipsi nilinunuliwa na binamu yangu alikuwa anapita kwenda Arusha. Nikikuona tu nakumbuka deni, ndiyo maana nakukwepa."

Kumbe. Sisi tuliokuwa chini tulikuwa tumeshamwandikia kiburi. Aibu na kiburi ukivitazama kwa nje havina tofauti, vyote havikutazami machoni, vyote vinapita mlangoni haraka. Na kile wa Lindi alichokiita hasira siku zote hizo, yeye mwenyewe alipokitafuta vizuri akakuta ni kudharauliwa. Hilo la pili naliona kubwa kuliko la kwanza. Angeanza na hasira, angejibiwa hasira, tungekesha. Aliposema amejiona mjinga, mwenzie hakuwa na cha kubishia.

Sijui kwa wavulana inakuwaje. Kaka mmoja wa kundi letu la asaimenti anasema wao wanazozana, wanapeana mkono, yameisha. Huyohuyo amejitoa kwenye grupu la WhatsApp mara mbili muhula huu.

Asubuhi wa Lindi alitaka kuchuma isale kwenye ua wa mama mwenye nyumba, ampe mwenzie kwa utani, maana amesikia Wachagga huombea msamaha jani hilo, na ukiletewa hukatai. Mama alimwona kupitia dirisha la jikoni.

"Mwanangu, umekosana na nani?"

Tukamweleza. Akatusikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Isale ni ya mambo mazito. Elfu ishirini mnalipana."

Wamekubaliana elfu tano kila mwezi. Ya kwanza imeingia jana kwa simu, na ya kutolea kaongezea.