Maji yakilala, ndege haitoki

Jumamosi iliyopita, saa nne kasorobo asubuhi, ndege yangu ya rimoti iliruka kutoka majini kwa mara ya kwanza. Huu ni mwaka wa sita narusha ndege hizi, lakini magoti yalinitetemeka kama siku ya kwanza.

Niko Mwanza, na huwa narushia Luchelele, mbali na uwanja wa ndege, kwenye ufukwe ambako wavuvi huanika dagaa. Ndege yenyewe ni ya foamu, mabawa sentimita 120 ncha hadi ncha, mota ya umeme, betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli 3. Kwa magurudumu iliruka bila shida. Mwaka huu nikaivua magurudumu nikaivisha maboya.

Maboya nimeyachonga mwenyewe kutoka kwenye maboksi meupe yanayosafirishia minofu ya sangara. Unakata kwa waya wa moto, unapiga msasa, unazungushia selotepu. Kila moja lina sentimita 70, zaidi kidogo ya robo tatu ya urefu wa ndege, na pua yake imeipita propela kwa mbele, maana bila hivyo ndege ikipunguza mwendo ghafla inapiga mbizi. Risiva, kile kinachopokea mawimbi ya rimoti, nimeifunga ndani ya puto, sakiti nimezipaka rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, maji yasiingie.

Kilichoninyima usingizi ni kidato. Ukiligeuza boya juu chini utaona tumbo lake haliendi moja kwa moja hadi mkiani. Katikati linakatwa ghafla na kupanda, kama ngazi moja ya mlangoni. Kidato changu kina milimita 12. Kazi yake ni kuyabandua maji. Maji hung'ang'ania kitu laini kilichopinda. Shika kijiko kwa kulegeza, gusisha mgongo wake kwenye maji yanayotiririka bombani: kitavutwa ndani badala ya kusukumwa nje. Boya nalo huvutwa hivyo hivyo, ila kwenye kidato hewa inapenya chini na maji yanaachia.

Mwanzoni nilikiweka kidato nyuma sana, sentimita 4 kutoka mahali ndege inapokaa sawa ukiibeba kwa vidole viwili. Ilikimbia majini kama boti. Nikivuta eleveta, kile kibao cha mkiani cha kuinua pua, pua haiinuki. Betri ikaishia mbali na ufukwe, na upepo wa asubuhi, unaotoka nchi kavu, ukaanza kuisukuma kwenda ziwani. Kuogelea sithubutu, kichocho hakina mzaha. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu akanifuatia kwa mtumbwi.

Wiki ile niliangalia sana picha za Short Empire, zile ndege kubwa za majini za Imperial Airways zilizoanza kutua Kisumu mwaka 1937, kwenye ziwa letu hili hili, zikitoka Southampton kwenda Durban. Njiani zilitua pia Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Nazo tumboni zina kidato, na kipo karibu sana na chini ya bawa. Nikayasogeza maboya mbele sentimita 3.

Jumamosi nilifika saa kumi na mbili na nusu, ziwa limetulia kama kioo. Nilidhani ndiyo hali bora. Ndege ikakimbia, ikapanda juu ya kidato vizuri kabisa, halafu ikabaki pale pale, imegandwa na maji. Mara tatu.

"Shikamoo mzee," nikamwambia yule wa mtumbwi.

"Marahaba. Maji yamelala hayo, mwanangu. Ngoja yaamke. Na huu upepo si ulikuchukulia ndege juzi? Subiri ugeuke, uje huku kwetu."

Nikasubiri. Ilipokaribia saa nne upepo wa ziwani ukaanza, viwimbi vidogo vya urefu wa kidole vikaja. Nikaielekeza ndege upeponi, eleveta juu, mota yote. Pua ikainuka, michirizi miwili myeupe ikatokea nyuma, nikalegeza eleveta, sauti ya maji ikabadilika kutoka kunguruma hadi kupigapiga, kisha ikakatika. Ilikuwa hewani. Kutua nako kulikuwa rahisi, kwa sababu viwimbi vinakuonyesha uso wa maji ulipo. Kwenye kioo ningekisia tu. Nilizima mota makusudi nione. Ndege ikageuza pua upeponi yenyewe, na upepo ukairudisha ufukweni kinyumenyume, polepole, hadi miguuni petu.

Mzee aliiinua, akaligeuza boya, akapitisha kidole gumba kwenye kidato. Akauliza kama mtumbwi wake ukichongwa hivi utakimbia zaidi. Nikamwambia kwa kasia hapana, kwa injini yenye nguvu, ndiyo. Akabaki amekishika kidato kile, anautazama mtumbwi.