Siku moja maishani mwangu: mimi na K17 wa Kibo

Saa 1 asubuhi. Kabla ya chai nafungua friji ya maabara. Nyuzi 4. Sahani za agari ya maziwa, yaani rojo iliyoganda ya kuoteshea bakteria, zina siku 12 humo. Bakteria wa udongo wa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, uliochotwa mita 4,600 kutoka usawa wa bahari, hawana haraka na mtu.

Sahani nzima nyeupe, ila pale alipoota bakteria ninayemwita K17. Koloni lake, yaani kundi lake, ni la njano, dogo kama punje ya ulezi, na limezungukwa na duara angavu kiasi kwamba nasoma mwandiko wangu wa kalamu chini ya sahani. Kimeng'enya chake kimeyeyusha protini ya maziwa kwenye baridi ile! Rula inasema koloni milimita 3, duara 14.

Saa 3. Rangi ya Gram, ya kupambanua bakteria chini ya hadubini. Slaidi ya kwanza nimeizidishia alkoholi, imeharibika. Ya pili zambarau safi: vijiti. Wale wa wiki iliyopita wameshazeeka, wamekuwa viduara. Tabia ya Arthrobacter hiyo, jenasi ya bakteria wa udongo.

Saa 5. Mirija ya majaribio: nyuzi 25 supu nzito, nyuzi 37 maji matupu. Basi huyu ni mvumilia baridi tu. Wapenda baridi halisi hawavuki nyuzi 20.

Saa 7 umeme ukakatika, nami nina kimeng'enya mezani. Maungo yake laini ndiyo yanayokiwezesha kuchapa kazi kwenye baridi, na ndiyo yanayokiponza kwenye joto. Mbio hadi kwa muuza samaki.

"Shikamoo mama, naomba barafu."

"Marahaba mwanangu. Leo tena?"

Saa 10. Majibu ya 16S, jeni ya kutambulia bakteria: inafanana asilimia 98.1 na ya ndugu yake wa karibu. Chini ya 98.7 unaruhusiwa kuota ndoto za spishi mpya. Nikapiga kelele. Daktari anayenisimamia hakuinua hata kichwa: "Lete jenomu nzima kwanza," yaani DNA yake yote. Na jina halipiti mpaka bakteria hai wahifadhiwe kwenye hazina mbili, nchi mbili tofauti.

Saa 2 usiku, nyumbani. Maziwa niliyoweka kwenye friji juzi yamechacha. Mwenzangu alitaka kuyamwaga; nimemzuia, nimejaza kichupa kimoja cha kwenda nacho kesho.