Mafaili milioni 31 na usiku mmoja wa Kirumba

Ijumaa ile nilibaki ofisini Kirumba, Mwanza, peke yangu. Ghala letu la hati zilizoskaniwa lilikuwa limehamia seva mpya, na kila nikiandika ls -l, amri ya kuorodhesha mafaili, mahali pa jina la mmiliki palisomeka 1003. Namba tupu. Linux, mfumo unaoendesha seva zetu, haiandiki jina la mtu kwenye faili, inaandika namba, na jina hutafutwa baadaye. Seva ya zamani ilimjua 1003 kuwa ni akaunti ya skana. Kwenye mpya akaunti hiyo hiyo ni 20417. Skana ikawa haiwezi kugusa kazi yake yenyewe.

Nikapiga amri niliyoizoea ya kubadilisha mmiliki wa folda na vyote vilivyomo, chown -R, nikaenda kunywa chai. Saa tano usiku umeme ukakatika. Uliporudi sikujua amri ilifika folda ipi, maana haiachi alama popote. Ukiirudia, inaanza upya.

Ndipo nikakaa nikapiga hesabu niliyopaswa kuipiga tangu jioni. Seva niliyokuwa naifanyia kazi inalifikia ghala kwa mtandao, kwa NFS, njia ya kutumia mafaili yaliyo kwenye mashine nyingine. Kila faili linaulizwa, kisha linabadilishwa. Tuseme milisekunde 2 kwa yote mawili. Zidisha kwa milioni 31: zaidi ya saa 17, kwa foleni, moja baada ya jingine. Ukubwa wa faili hauhusiki kabisa. Wanunuzi wa soko la samaki la Mwaloni wananielewa: sangara wa kilo 40 unamhesabu mara moja, lakini ukiambiwa uhesabu dagaa wa kilo 40 mmoja mmoja, utakesha. Hati zetu ni dagaa.

Kuna jambo liliniuma zaidi ya muda. Ndani ya folda hizo mlikuwa na mafaili ya wahasibu, namba 1007, na pale amri ilipopita yote yalikuwa yameshapewa skana. Bahati seva ya zamani ilikuwa haijazimwa, nikachukua kwake orodha ya wamiliki na kuwarudishia wahasibu mali yao.

Safari hii niliingia kwenye mashine ya ghala lenyewe, mtandao ukae pembeni, nikaandika:

find /ghala -mindepth 1 -maxdepth 1 -type d -print0 | xargs -0 -P 8 -I@ find @ -uid 1003 -exec chown -h 20417 {} +

Find inatafuta mafaili, xargs inagawa kazi: folda nane zinashughulikiwa kwa pamoja, na linaguswa lile tu ambalo bado ni la 1003. Hiyo -h ni muhimu sana: bila hiyo, kiungo kinachoelekeza nje ya ghala kitabadilisha umiliki wa faili la huko nje. Find bado inapita kila mahali, ila kusoma ni kwepesi kuliko kuandika. Umeme ukikatika tena, narudia amri ile ile na yaliyokwisha yanarukwa.

Kurukwa huko kunaokoa na bekapu. Ukimpa faili mmiliki yule yule aliyekuwa naye, ctime yake, yaani muda faili au taarifa zake zilipobadilishwa mara ya mwisho, inabadilika hata hivyo, na bekapu yetu inatazama ctime. Kwa chown -R ingenakili upya ghala zima, pamoja na mafaili ambayo hayakuhitaji lolote.

Kulipopambazuka nilifungua dirisha la upande wa ziwa, nikaandika find /ghala -uid 1003 -print -quit, amri inayosimama ikikuta faili la kwanza la 1003. Ikapita kote, ikarudi bila mstari hata mmoja.