Hawakutaka kuimba "mbali"

Jana shangazi kaniletea mkeka mpya wa ukindu kutoka Pemba. Nilipoukunjua sebuleni, ile harufu ya majani makavu ikanirudisha Shuzenji, Japani, kwenye tatami, mikeka minene ya sakafuni, siku mwenzangu wa maabara alipoolewa.

Harusi ilikuwa Asaba, nyumba ya wageni iliyoanza karne ya 15. Ng'ambo ya bwawa lake kuna jukwaa la noh, tamthilia ya kale ya vinyago, lililohamishwa kutoka hekalu la Kishinto la Fukagawa, Tokyo, enzi za mfalme Meiji (1868–1912). Maharusi walikunywa sake, pombe ya mchele, vikombe vitatu, mafunda matatu kila kimoja. Hayo yalipita upesi.

Kisha mzee mmoja akaketi jukwaani, upepeo mkononi, bila ngoma wala zumari. Sauti ikamtoka tumboni, nzito, ikavuka maji hadi tulipokaa. "Takasago ya..." Mjomba wa bibi harusi akaniinamia, akanieleza kwa Kijapani chepesi: chombo kiko ghubani, wanatweka tanga, wanatoka pamoja na mwezi. Tanga! Mimi binti wa nahodha. Machozi yalinitoka mbele za watu na sikuyafuta.

Mjomba akaendelea kuninong'oneza. Zeami, mtunzi wa noh, alipoutunga wimbo huo, karne ya 15, maji yalikuwa yanatoka, na chombo kilipita mbali kwenye bahari ya Naruo. Harusini hawaimbi hivyo. Maji huwa yanaingia, na "mbali" huwa "karibu", maana bibi harusi hatamkiwi maneno ya kuondoka. Mzee kule jukwaani alilivuta neno hilo taratibu, chikaku, na bibi harusi akainamisha kichwa.

Nikamkumbuka baba gatini Mkoani, siku ninasafiri. Wote waliniambia kwaheri. Yeye alinishika mkono akasema, "Karibu tena, mwanangu." Miaka miwili nilikuwa na donge moyoni, nikidhani kwake nimeshakuwa mgeni. Usiku ule, nimelala juu ya tatami, niliyasikia maneno yale upya, na sikuwa na hakika tena.

Nikampigia asubuhi. Alisema hakumbuki kama aliniambia hivyo. Akaniuliza huko kunavuma upepo gani.