Baridi ya Uyole haikuzuia vifaranga wangu 41

Aliyeniuzia mashine ya kuangulia vifaranga aliniambia, "Mbeya kuna baridi, ongeza joto lifike nyuzi 39." Nikamwamini. Trei ya kwanza ikaniliza. Siku ya 19 walitoka vifaranga watano, vitovu viko wazi, kiini cha njano kikining'inia nje. Waliobaki walifia ndani ya maganda. Baridi ya Uyole iko nje ya mashine jamani! Ndani, yai linataka 37.5 tu, uwe Mbeya au Dar es Salaam. Huku juu, zaidi ya mita 1,700, hewa ni nyepesi, kwa hiyo matundu ya hewa ndiyo ya kuangalia. Msiyazibe kwa kuogopa ubaridi.

Julai nikarudia na mayai 56 ya kienyeji, hakuna lililozidi siku saba tangu litagwe. Siku ya 7 nikayapiga tochi ya simu. Manane yalikuwa meupe ndani, hayana kitu, nikayatoa. Mengine yalikuwa na mishipa myekundu iliyotawanyika kama mizizi, katikati kidoa cheusi kinachochezacheza. Hilo ni jicho. Nilimwita mama watoto aone, tukakaa gizani tunaangalia yai moja hadi ugali ukapoa.

Siku ya 15, saa mbili usiku, umeme ukakatika. Jirani akaja na wazo la kuingiza jiko la mkaa chumbani. Nikakataa katakata: ile hewa ya mkaa inaua mtu, na kiinitete, yaani kifaranga anayekua ndani ya yai, nacho kinapumua kupitia ganda. Nikachukua chupa sita za maji za nusu lita, nikazijaza maji ya moto, nikazifunga na vipande vya khanga kuukuu na kuzipanga chini ya trei. Juu ya mashine blanketi, matundu wazi. Kila chupa zilipopoa nikabadilisha. Katikati ya zamu nilichukua yai na kuligusisha kwenye kope, kama alivyokuwa akifanya bibi: likiwa vuguvugu, tulia, likichoma, toa chupa mbili. Kipimajoto hakikushuka chini ya 35. Umri ule kiinitete chenyewe kinatoa joto, kwa hiyo mayai yaliyobanana yanasaidiana. Umeme ulirudi alfajiri, nami nilikuwa bado nimesimama.

Kugeuza niliacha siku ya 18, nikaongeza sahani ya maji, nikafunga. Kabla ya hapo nilikuwa nageuza mara tatu kwa siku, kwa alama za penseli.

Siku ya 20 nikasikia mlio ndani ya ganda. Mama watoto akataka tumsaidie kifaranga mmoja aliyetoboa tangu asubuhi. Nikamwambia, "Muache, damu bado iko kwenye utando, ukibandua atavuja." Usiku kucha hakusogea. Saa moja asubuhi akatoboa ganda kuzunguka lote, akasukuma kifuniko kwa miguu, akalala pale amelowa, anahema. Alikuwa wa 41.