Siku moja maishani mwangu: dalali wa cherehani mtandaoni

Saa 11 alfajiri

Kitu cha kwanza kufungua ni dashibodi, ukurasa unaonionyesha mibofyo na mauzo yangu. Jana: mibofyo 214, oda 6, na mstari mmoja mwekundu. Cherehani moja imerudishwa dukani na kamisheni yake imekatwa. Mistari ya aina hiyo nimeizoea, maana kamisheni haiwi yako siku mteja anaponunua. Hukaa ikisubiri mpaka muda wa kurudisha bidhaa upite. Lakini hii ni mashine niliyoisifu kwa moyo wote, na kwa miaka miwili haikuwahi kurudishwa hata mara moja. Naandika jina lake kwenye karatasi na kuiweka pembeni ya kompyuta.

Kwa asiyeijua kazi hii: mimi ni dalali. Nina tovuti ya cherehani na vifaa vya kushonea. Naandika makala, ndani yake naweka linki yenye namba yangu ya utambulisho, na msomaji akibofya, akaenda dukani akanunua, duka linanilipa asilimia fulani. Watu huiita afilieti. Tofauti yangu na madalali wengi mnaowajua ni kwamba mimi sina cha juu. Bei anayoikuta mnunuzi ni ileile angeikuta angeingia dukani mwenyewe. Changu kinatoka mfukoni mwa muuzaji.

Kati ya oda 6 za jana, 2 ni za vitu ambavyo sijawahi kuviandikia. Mtu alibofya linki ya sindano, akaishia kununua taa ya mezani, na mimi nimelipwa kwa taa. Duka linakumbuka nimemleta mimi kwa sababu ya kuki, kile kifaili kidogo kinachobaki kwenye kivinjari chake. Kuki zilibuniwa na Lou Montulli wa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari, mwaka 1994, na miaka miwili baadaye Amazon, duka kubwa la mtandaoni la Marekani, ikafungua programu yake ya afilieti. Kwao kumbukumbu hiyo huishi saa 24 tu. Maduka mengine hutoa siku 30, hata zaidi. Sasa fikiria cherehani: ni nani anayeinunua siku ileile aliyoisoma? Watu huifikiria wiki nzima, huuliza, huahirisha, kisha hurudi kununua wakati kuki yangu imeshakufa. Wale nimewasaidia bure, na sina kinyongo nao.

Oda 4 zilizobaki zimetokana na makala niliyoiandika miezi 14 iliyopita. Hili ndilo ambalo wageni wa kazi hii huchelewa kulielewa: ninacholipwa leo ni jasho la zamani, na jasho la leo sijui litalipwa lini.

Saa 1 asubuhi

Kukagua linki. Kazi ya kuchosha, lakini linki iliyokufa ni mlango uliofungwa usoni mwa msomaji aliyekwisha kukuamini. Leo nimekuta 7 zenye tatizo: 5 za bidhaa zilizoisha dukani, 1 inayompeleka mtu ukurasa wa mwanzo badala ya kwenye bidhaa, na 1 ya duka lililofunga programu yake bila kutuambia. Nimezirekebisha 6. Ile ya saba nimeiondoa kabisa, kwa sababu bidhaa niliyotaka kuiweka badala yake sijaijaribu.

Sitegemei duka moja tena. Aprili 2020 Amazon ilishusha viwango vyake, na samani pamoja na vifaa vya nyumbani vikaporomoka kutoka asilimia 8 hadi 3. Watu waliokuwa wakiishi kwa kundi hilo la bidhaa walilala na kipato kimoja wakaamka na kingine. Hakuna aliyevunja sheria, mkataba unaruhusu. Tangu niliposoma habari ile nimejiunga na programu 5, na kila moja ina masharti yake ambayo ni lazima uyasome mstari kwa mstari. Kuna wanaokataza kuweka linki ndani ya baruapepe. Wengine hawataki uandike bei kwenye makala, kwa kuwa bei hubadilika na maandishi yako yakabaki na ya zamani. Kununua kupitia linki yako mwenyewe ni njia fupi ya kufungiwa akaunti.

Saa 3 asubuhi

Sasa kazi yenyewe. Mezani kuna cherehani mpya, ndogo, nyeupe, niliyotumiwa na muuzaji niijaribu. Tangazo lake linasema inashona kitambaa chochote. Kamisheni yake ni asilimia 12, ambayo kwa bidhaa za aina hii ni nyingi mno. Ile ninayoipendekeza siku zote inanipa 4.

Nimeanza na pamba, tabaka 2. Mshono umenyooka, uzi wa juu na wa chini umekaa sawa, mlio wa mashine ni mdogo. Vizuri sana. Nikahamia kwenye jinzi, kwa sababu kukunja pindo la suruali ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Sindano ya jinzi namba 100/16, uzi wa polyesta, mshono mrefu wa milimita 3. Pindo lenyewe limekwenda bila shida. Tatizo limeanza pale pindo linapokutana na mshono wa pembeni wa mguu, ambapo kitambaa kimejikunja juu ya kitambaa mpaka tabaka zinafika 8 na kuendelea. Hapo ndipo cherehani hujulikana.

Mota imenguruma, sindano imegusa kitambaa ikasimama. Nimeachia pedeli, nikazungusha gurudumu la pembeni kwa mkono, taratibu. Sindano imepenya, lakini ilipotoka upande wa pili imeruka mishono mitatu. Chini ya kitambaa uzi umejiviringisha kama kiota. Nimekata, nimebadilisha sindano, nimesafisha sehemu ya bobini, nimerudia. Safari hii nimekunja kipande cha jinzi na kukiweka nyuma ya ule mguu unaobana kitambaa, ili usipande mlima ukiwa umeinama. Ujanja huo huokoa mashine nyingi. Imepita mara moja. Mara ya tatu imepita kwa shida. Ya nne na ya tano imegoma.

Nimepiga picha ya sindano ilipokwama, kwa karibu, tabaka zote zionekane. Kisha picha ya mshono wa pamba, kwa sababu nao ni ukweli.

Saa 6 mchana

Jana usiku, kabla hata sijaitoa kwenye boksi, mwakilishi wa muuzaji aliniandikia kwa upole kabisa. Kama makala itatoka wiki hii, na kama sehemu ya "vitambaa vizito" itaandikwa kwa namna ya kutia moyo, wako tayari kunipandishia kutoka 12 hadi 15.

Nimemjibu sasa, nikiwa na picha mkononi. Nimemwambia makala itasema mashine ni nzuri kwa pamba, mashuka, mapazia mepesi na nguo za watoto, na kwamba haifai kwa anayetaka kukunja jinzi kila siku. Nimemwambia pia kwamba akipenda nitamrudishia cherehani yake. Sijapata jibu.

Najua kuna watakaosema asilimia 15 ni asilimia 15. Lakini piga hesabu pamoja nami. Mtu ananunua mashine kwa maneno yangu, inamgomea kwenye suruali ya kwanza, anairudisha. Kamisheni inakatwa, na yeye harudi kwenye tovuti yangu, wala hamwambii mwenzake aje. Na hata kama hesabu ingekuwa kinyume, yule mtu alikuwa na fedha za cherehani moja, si mbili. Hilo haliniruhusu kuandika tofauti na nilivyoona.

Saa 8 mchana

Kuandika. Kabla ya linki ya kwanza, juu kabisa, naweka tangazo langu: makala hii ina linki za afilieti, ukinunua kupitia kwangu napata kamisheni, na mashine hii nilipewa na muuzaji niijaribu. FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, inataka tangazo la namna hii lionekane waziwazi, na mwaka 2023 ilihuisha mwongozo wake. Wengi hulificha chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi madogo ya kijivu. Mimi naliweka mahali ambapo jicho haliwezi kulikwepa, na sijawahi kuona likimfukuza mtu. Baadhi huniandikia kwamba wamebofya kwa makusudi ili nipate chochote.

Kila linki naiwekea alama ya kuijulisha Google kwamba ni ya kulipwa. Alama hiyo waliileta 2019. Inachukua sekunde chache tu.

Maneno 1,100 mpaka saa 10. Sehemu ya jinzi imekuwa ndefu kuliko zote.

Saa 10 jioni

Baruapepe za wasomaji. Kijana mmoja anataka kuanza na anauliza kama alipie kozi aliyotangaziwa. Nimemjibu kwa urefu. Kujiunga na programu za afilieti kwa kawaida ni bure. Anayekutoza kiingilio, kisha akakuahidi malipo kwa kila mtu utakayemleta naye alipe kiingilio, huyo anaendesha piramidi, hata aiite jina gani. Nimemweleza kwamba Amazon humpa mgeni siku 180 apate angalau mauzo 3, la sivyo akaunti hufungwa, kwa hiyo aandike makala kumi na tano au ishirini kwanza ndipo ajiunge. Nimemwambia pia kwamba miezi 7 yangu ya mwanzo nilipata oda 4 tu. Hilo nalisema kila mara, maana wanaouza ndoto hawalisemi.

Barua ya tatu ndiyo iliyonisimamisha.

"Habari za leo, kaka. Ile cherehani uliyoipendekeza nimeirudisha. Siyo kwamba ni mbaya. Kabla ya kuichomeka nilisoma kibandiko cha chini, kimeandikwa volti 120. Kwetu umeme ni 230. Makala yako sikuona ikigusa jambo hilo. Nimeona nikwambie."

Nimeichukua ile karatasi ya alfajiri. Mashine ni ileile.

Nimefungua makala yangu na kuisoma yote, mwanzo hadi mwisho. Nimeandika uzito wake, idadi ya mishono, aina ya bobini, urefu wa waya. Volti, sikuandika. Marekani hutumia volti 120, nchi nyingi duniani hutumia kati ya 220 na 240, na duka ninalolielekeza hupeleka bidhaa nje. Mashine ya 120 ukiichomeka kwenye 230 inaweza kuungua mota papo hapo. Huyu dada amenusurika kwa sababu ana macho makini. Wasomaji waliomtangulia, sijui.

Nimemwandikia: "Dada yangu, nisamehe. Kosa ni langu, ulipaswa kulikuta kwenye makala. Leo hii nalirekebisha, na hii hapa ni mashine inayokaribiana nayo, ya volti 220 hadi 240." Linki ya mashine hiyo sikuiwekea namba yangu.

Saa 1 usiku

Mahesabu, kwa haraka. Naingiza kwenye daftari la kompyuta oda, zilizorudishwa, na zilizothibitishwa. Amazon hulipa takribani siku 60 baada ya mwezi kuisha, wengine hulipa mapema, kwa hiyo fedha ninayoitumia mwezi huu nimeipata miezi miwili au mitatu nyuma. Fomu ya W-8BEN, ile ambayo tusio Wamarekani huijaza kwa ajili ya kodi ya Marekani kwenye malipo ya kampuni za huko, imekaribia kwisha muda. Nimeijaza upya.

Saa 2 usiku

Kwenye tovuti nina makala 31 zinazopendekeza mashine zenye mota. Nazifungua moja baada ya moja. Kila mashine naitafutia kitabu chake cha maelekezo, si ukurasa wa duka, kwa sababu ukurasa wa duka mara nyingine huunganisha toleo la Marekani na la Ulaya mahali pamoja. Nikishapata volti naiandika juu kabisa, kabla hata ya sifa, kwa herufi nzito, kisha sentensi moja: soma kibandiko kilicho chini ya mashine kabla ya kuichomeka.

Mashine 4 sijapata uhakika wake. Hizo nimeziondolea linki mpaka watengenezaji wanijibu, na moja kati yake ndiyo inayoniletea oda nyingi kuliko zote.

Saa 4 na robo usiku. Nimefika makala ya 19.