Nilivyoweza kuziingiza pointi 361 za akyupancha kichwani na mkononi huku nikiwa kazini

Watu wengi wananiuliza niliwezaje kusoma akyupancha, yaani tiba ya kuchoma sindano, pamoja na tiba ya Kichina huku naenda kazini kila siku, na wengi wao wanadhani ni ile kozi ya wikiendi mbili unapewa cheti unaanza kuwachoma watu sindano. Kozi za hivyo zipo kweli na ndo zilikuwa za kwanza kunifikia, bei nzuri, picha nzuri, vyeti vina mihuri. Kabla sijalipa hela ya mtu nikatafuta mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unaohusu mafunzo na usalama wa akyupancha nikauweka pembeni nikawa nalinganisha na ratiba za vyuo. Mle wanasema mtu ambaye si daktari asome masaa 2,500, na humo yasiyopungua 1,000 yawe ya vitendo na kliniki. Daktari ambaye tayari kasoma udaktari wa kawaida anapewa 1,500, na kama anataka tu kuitumia sindano kama kitu cha kuongezea kwenye kazi yake basi angalau 200. Sasa wikiendi mbili ni masaa mangapi? Hapo nikafuta vyuo vingi sana kwenye karatasi yangu. Na Uchina kwenyewe hiyo ni digrii ya miaka 5, vyuo vikubwa vya Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu vilianzishwa 1956, na mwanafunzi wa huko anasoma anatomia na tiba ya kisasa pamoja na mambo ya chi, ile nguvu ya uhai inayosemwa inapita mwilini, na yin na yang, zile pande mbili za mwili zinazotakiwa kuwa sawa, hachagui.

Basi nikapata chuo cha jioni ambacho masaa yake yanaeleweka, na mtihani wa kwanza mkubwa ukawa ni zile pointi, yaani sehemu za mwili zinazochomwa sindano. Ziko 361 kwenye njia 14 ambazo tiba ya Kichina inasema chi inapitia, kila moja ina jina la Kichina na namba, na zimegawanyika ovyo kabisa, njia ya moyo ina 9 tu halafu ya kibofu ina 67 inaanzia kwenye jicho inapanda kichwani inashuka mgongoni mpaka kidole kidogo cha mguu. Wenzangu wengi walianza kukariri kwa orodha, moja mpaka mwisho, kama shairi. Mi niliona kabisa hiyo haitanifaa maana mgonjwa haji na orodha, anakuja na goti linauma. Kwahiyo nikazigawa kwa sehemu za mwili. Wiki ya goti ni goti tu, njia zote zinazopita pale, mbele, nyuma, ndani, nje, nikishika mfupa na kano kwa kidole huku nataja jina kwa sauti. Kwenye basi nilikuwa nashika mkono wangu mwenyewe najipimia, watu wakiniangalia waniangalie.

Kitu kilichonisaidia zaidi ya vyote ni kuelewa mapema kwamba vipimo havipimwi kwa rula. Unatumia cun, kipimo cha Kichina, na cun ni ya mgonjwa, si yako. Upana wa kidole gumba chake ni 1, vidole vinne vikikaa pamoja ni 3, toka kwenye mkunjo wa kiwiko mpaka mkunjo wa kifundo cha mkono ni 12 awe mtoto awe jitu la miraba minne. Ukishaelewa hilo pointi ya Zusanli, ile ya chini ya goti, inakuja yenyewe, unashika kile kishimo cha chini ya pia ya goti upande wa nje, unashuka vidole vinne, unatoka upana wa kidole kimoja nje ya ukingo wa mfupa wa muundi, basi, ipo hapo. Neiguan, pointi ya upande wa ndani wa mkono, ni cun 2 juu ya mkunjo wa kifundo cha mkono katikati ya kano mbili, mtu akikunja ngumi kidogo unaziona. Nilimchora dada yangu kwa kalamu ya wino mpaka akawa ananikimbia akiniona na kalamu, baadaye nikawa nabadilisha miili, mnene, mwembamba, mzee, kwasababu kano ambayo kwa mtu mwembamba unaiona kwa macho kwa mwingine unaitafuta kwa kidole muda mrefu.

By the way wenzetu wa zamani walikuwa na mtihani mkali kuliko wetu. Mwaka 1027 Uchina, enzi za utawala wa Song, daktari Wang Weiyi alisimamia utengenezaji wa sanamu za shaba za mtu mzima zenye matundu kwenye pointi, inasimuliwa sanamu inapakwa nta kwa nje ndani inajazwa maji, mwanafunzi akichoma penyewe maji yanatoka, akikosea sindano inagonga shaba. Hakuna cha kumbembeleza mwalimu.

Mkono ni habari nyingine. Sindano yenyewe ni nyembamba, tulizokuwa tunatumia sana ni za milimita 0.25, ukiisukuma bila ujuzi inapinda. Tulianza na karatasi zilizokunjwa na kufungwa na uzi, halafu pamba, halafu miguu yetu wenyewe, ndo tukaruhusiwa kuchomana sisi kwa sisi. Kuna kamrija ka kuongozea sindano, unakaweka kwenye ngozi unagonga juu kwa kidole inaingia haraka mtu hasikii karibu chochote, anayetajwa kuwa ndiye aliyekabuni ni Sugiyama Waichi wa Japani karne ya 17, na alikuwa kipofu. Nilipenda sana kujua hilo maana mwalimu wetu alikuwa anatufumba macho ili tutafute pointi kwa kugusa, na kweli kidole kinajifunza haraka zaidi macho yakikaa pembeni.

Kliniki sasa. Mwalimu alikuwa na swali lake moja, kabla hujachoma anauliza, "Chini ya hapo kuna nini?" Ukisema ni pointi ya kutuliza maumivu ya shingo anatikisa kichwa, anauliza tena. Anataka usikie kwamba Jianjing pale juu ya bega iko juu ya ncha ya pafu, na sindano ikienda chini sana hewa inaingia pembeni ya pafu na pafu linasinyaa, mtu anaenda hospitali. Hiyo si hadithi ya kutisha watoto, imeshatokea. Vilevile Hegu, pale kati ya kidole gumba na cha shahada, na Sanyinjiao, juu ya kifundo cha mguu kwa ndani, kijadi haziguswi kwa mjamzito, mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda unamuuliza kabla, na anayekuja na njaa huku anaogopa sindano unamlaza asikae kwenye kiti maana atazimia. Nikatengeneza daftari langu la hatari tu, pointi, kilichopo chini, mwelekeo wa sindano, kina. Lile daftari lilinibeba kwenye mtihani wa vitendo kuliko notsi zote za nadharia, na mpaka leo liko mezani.

Mapigo ya mshipa, ambayo tiba ya Kichina inayatumia kujua mgonjwa ana nini, kusema ukweli yalinisumbua. Unaweka vidole vitatu kwenye kila kifundo cha mkono, sehemu tatu, na vitabu vina aina 28 za mapigo, na nimeshaona walimu wawili wanaheshimiana wanamshika mgonjwa yuleyule kila mmoja anasema lake. Kwahiyo mi nilikomaa na tofauti kubwa zinazoshikika, haraka au taratibu, juu juu au chini kabisa, imara au dhaifu, halafu nikaweka nguvu kwenye kuuliza maswali na kuangalia ulimi.

Mitishamba niliisoma ila siiandikii watu bado. Miaka ya mwanzo ya 1990 kule Ubelgiji wanawake kama 100 hivi waliharibika figo baada ya kutumia dawa za kupunguza mwili ambazo ndani yake mmea mmoja wa Kichina uliwekwa badala ya mwingine, majina yanafanana, na ule uliowekwa una asidi ya aristolochia, sumu inayoharibu figo. Kwa hiyo kama sina uhakika na mtu anayeniuzia mizizi, sindano inatosha.

Na watu wakiniuliza kama inafanya kazi nawaambia ilivyo, maumivu ya mgongo, goti na kichwa kuna tafiti zinaonyesha watu wanapata nafuu, ila nyingi zinaonyesha pia sindano ya kuigiza, yaani isiyoingia kweli au isiyochomwa kwenye pointi, inakaribia kufanya hivyohivyo. Mtu akija na kansa au sukari anataka aache dawa zake, simgusi mpaka aniahidi ataendelea na daktari wake, na wapo waliokasirika wakaondoka.

Kama unataka kuanza, ukifika chuoni usiulize cheti kinatambulika wapi kwanza, uliza nitakaa na wagonjwa masaa mangapi na nani atakuwa amesimama nyuma yangu. Wakianza kujiumauma rudi nyumbani na hela yako.